Ruhusa ya kumtibu mtoto kwenye urjansi: mwongozo kwa muuguzi wa gadi Lubumbashi

Kila kundi jipya la wauguzi likianza gadi (zamu) kwenye urjansi, yaani chumba cha dharura, maswali ni yale yale. Mtoto ameletwa na yaya wake wa miaka kumi na tano, je, naweza kumwekea serumu (maji ya mshipani)? Kambo, yaani bibi au babu yake, hataki kuweka kidole kwenye karatasi, nifanyeje? Baba yuko Kolwezi, ruhusa ya simu inahesabika? Polisi ameleta mtoto wa barabarani, nani atasaini?

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: mtoto aliye katika hatari ya kufa hasubiri karatasi. Na shika la pili, ambalo wengi hulisahau: haraka haikuruhusu kunyamaza. Mikono ikiwa kazini, mdomo unaweza kumweleza mama kinachofanyika. Ridhaa, au ruhusa kama tunavyosema nyumbani, ni mazungumzo. Karatasi inathibitisha tu kwamba mazungumzo yalifanyika.

Kuhusu sheria, haya yanakutosha kwa usiku wa gadi. Nchini Kongo mtoto ni mtu yeyote asiyetimiza miaka 18. Ndivyo inavyosema Katiba ya 2006, na ndivyo inavyosema sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Sheria hiyo hiyo inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu. Mamlaka juu ya mtoto ni ya baba na mama kwa pamoja. Kuolewa kijadi hakumfanyi msichana wa miaka 16 kuwa mtu mzima. Na anayeacha kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini anaweza kushtakiwa chini ya sheria ya jinai. Kwa hiyo anayejificha nyuma ya maneno "nilikuwa nasubiri sahihi" hajajilinda hata kidogo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya gadi kuanza

Hakikisha kwenye meza ya urjansi kuna:

- fomu za ruhusa tupu zisizopungua kumi, kila moja na nakala yake, zilizoandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili;
- kidau cha wino wa kidole, na kalamu mbili zinazoandika;
- saa ya ukutani inayotembea;
- simu ya kituo yenye chaji na salio. Usitegemee simu yako binafsi, maana ukitoka gadi asubuhi unaondoka na namba ya familia;
- karatasi iliyobandikwa ukutani yenye namba za daktari wa gadi, mkuu wa wauguzi, ofisi ya Mambo ya Jamii ya komini, kikosi cha polisi cha kulinda watoto, na parke (ofisi ya waendesha mashtaka) ya tribunali ya watoto;
- orodha ya wafanyakazi wanaosema Kibemba, Kiluba, Ciluba, Kisanga na Kilamba, na zamu zao.

Fomu ya ruhusa na karatasi ya malipo zisishikane kwa pini. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 6.

Hatua

1. Mtazame mtoto kwanza, kisha uliza nani kamleta.

Ndani ya dakika mbili amua yuko kundi gani.

*Kundi la dakika.* Hapumui vizuri, ana degedege, amezimia, damu inamwagika, au mikono imekuwa baridi, mapigo ni dhaifu na ukibonyeza ukucha rangi inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi. Hapa anza mara moja: oksijeni, kufungua mshipa wa serumu, kuzuia damu. Degedege inayoendelea, diazepamu 0.5 mg kwa kilo kwa njia ya haja kubwa. Sukari ikiwa imeshuka, glukozi ya 10%, ml 5 kwa kilo. Malaria kali, sindano ya kwanza ya artesuneti: 3 mg kwa kilo kama mtoto hajafikia kilo 20, na 2.4 mg kwa kilo akiwa na kilo 20 au zaidi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayosubiri sahihi ya mtu.

*Kundi la saa.* Mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi, tumbo linalohitaji kupasuliwa, upungufu wa damu ambao mtoto bado anaustahimili. Hapa matayarisho yanaendelea huku mtu mmoja akimtafuta mzazi. Panga muda, kwa mfano dakika 30 kisha daktari aamue, na uandike.

*Kundi la kesho.* Mfupa uliovunjika bila kuhama, henia isiyobana, tohara, vipimo vya kawaida. Hapa bila ruhusa usifanye kitu zaidi ya kutuliza maumivu na kumtunza mtoto.

Kosa kubwa: kumwingiza mtoto wa kundi la saa kwenye kundi la dakika ili kukwepa mazungumzo magumu na familia. Mtoto akibadilika na kuwa mbaya, mhamishe kundi na uandike saa uliyomhamisha. Akiwa hajabadilika, endelea kutafuta ruhusa.

2. Jua aliyemleta ni nani hasa.

Hapa Lubumbashi "mama" inaweza kuwa mzazi, mama mkubwa, mke wa baba au jirani mwenye heshima. Usiulize "wewe ni mama yake?" Uliza: "Mama, ni nani aliyemzaa mtoto huyu? Anaishi kwa nani? Wazazi wake wako wapi sasa hivi?" Majibu hayo matatu yanakuonyesha kila kitu.

Mzazi mmoja, baba au mama, anatosha kwenye dharura. Kumrudisha mama nyumbani "akamlete baba asaini" ni kosa tunaloliona sana, na linapoteza saa nzima. Mlezi mwenye hati ya tribunali naye anatosha. Mwombe hati, ila asipokuwa nayo mkononi usisimamishe matibabu; andika "amejitambulisha kama mlezi, hati haijaonekana."

Kambo, shangazi au mama mdogo anayeishi na mtoto: sikiliza ruhusa yake, iandike, na uendelee kumtafuta mzazi kwa simu. Katika familia za Kibemba na Kilamba, mjomba wa upande wa mama ana sauti kubwa juu ya watoto, na mama anaweza kukuambia hawezi kukubali kabla mjomba hajasema. Mheshimu, mpigie mjomba, mweleze. Lakini ujue, na mwambie mama kwa upole, kwamba mbele ya sheria neno lake mwenyewe linatosha.

Yaya au kaka asiyefika miaka 18, mwalimu, mwenye nyumba, dereva wa pikipiki aliyemwokota njiani: hawa hawatoi ruhusa. Wanatoa habari. Chukua habari zote kabla hawajaondoka: mahali ajali ilipotokea, saa ngapi, mtoto alikula lini, nani anamjua.

Umri ukiwa na mashaka, mtendee kama mtoto. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na kijana wa machimbo atakuambia ana miaka 19 ili usimwite baba yake.

3. Mpigie mzazi aliye mbali, kwa utaratibu.

Baba anachimba Kolwezi, mama ameenda Kasumbalesa kununua bidhaa. Ruhusa ya simu inakubalika kwenye dharura ikiwa imechukuliwa vizuri:

a. Mwite mfanyakazi wa pili. Weka sauti ya nje ili nyote wawili msikie.
b. Mwombe mzazi ataje jina la mtoto, umri na alama au ugonjwa unaojulikana. Usimtajie wewe kwanza.
c. Mweleze (tazama hatua ya 4), kisha mwombe arudie kwa maneno yake.
d. Uliza wazi: "Papa, unakubali tumpasue mtoto mguu usiku huu?" Ngoja jibu. Kimya au "mungu atasaidia" hakijawa jibu.
e. Andika namba, saa ya kuanza na kumaliza, maneno yake, na majina yenu wawili. Nyote mnasaini.

Akiwa na WhatsApp, mwombe aandike pia ujumbe mfupi au atume odio kwenye simu ya kituo. Inasaidia, ila mazungumzo ya moja kwa moja hayaachwi.

Saa iandikwe kwa tarakimu: 14:20 au 02:20. "Saa nane" peke yake inaleta ubishi asubuhi.

4. Eleza mambo matano, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Mtoto ana nini. Tunataka kufanya nini. Itamsaidiaje. Ina hatari gani. Na itakuwaje tusipofanya. Dakika tatu zinatosha. Kwenye kundi la dakika, sentensi mbili zinatosha huku ukifanya kazi: "Mama, damu ya mtoto imeisha mwilini, tunamwekea nyingine sasa hivi ili moyo usisimame. Nitakueleza yote, kaa hapa karibu na kichwa chake umshike."

Epuka Kifaransa cha hospitali. "Transfizyo" wanaijua wengi, "laparotomi" hakuna anayeijua. Sema "kufungua tumbo tuone utumbo." Neno "usingizi" lifafanue pia, kwa sababu wapo wanaosikia "kulala" wakaelewa "kufa." Sema: "Atapewa dawa alale asisikie maumivu, daktari wa usingizi atakaa naye mpaka aamke."

Kisha usiulize "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Mama, ukirudi nyumbani utawaambia nini kwamba tumemfanyia mtoto?" Akikosea, eleza tena.

Damu ina mazungumzo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kumwekea mtoto damu. La pili ni kuwaomba ndugu watoe damu. Anayekubali la kwanza hajakubali la pili. Tena mtoaji anapimwa ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, hivyo aelezwe kwa faragha. Hb (kipimo cha wingi wa damu, kwa g/dl) ikiwa chini ya 4, au kati ya 4 na 6 na mtoto anahema kwa shida, usiweke mazungumzo ya mtoaji kuwa sharti la kuanza kama kuna mfuko kwenye friji.

5. Ongea na mtoto mwenyewe.

Hatua hii inarukwa kuliko zote. Mtoto wa miaka minne anataka kujua kama itauma na kama mama atabaki. Mwambie ukweli: "Itauma kidogo, kama kuchomwa na mwiba, halafu basi." Ukimdanganya mara moja, kila sindano inayofuata itahitaji watu watatu wa kumshika.

Kuanzia miaka saba hivi, mweleze na umpe nafasi ya kuchagua kile kinachochagulika: mkono gani, kukaa au kulala. Kuanzia miaka 12 mweleze karibu kama mtu mzima, tena dakika chache bila mzazi, kwa sababu kuna habari hatazisema mbele ya baba: mimba, dawa alizomeza, nani aliyempiga. Andika kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa): "mtoto ameelezwa, amekubali," au "amekataa, sababu ni hii." Sahihi yake haitoshi kisheria, lakini neno lake lina uzito.

6. Chukua sahihi au kidole.

Asiyejua kusoma: soma fomu yote kwa sauti mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa zamu yako, kisha kidole gumba cha kushoto, na shahidi asaini. Fomu itaje tendo moja kwa jina. "Nakubali matibabu yote" haina nguvu, na ni dharau kwa mzazi.

Sasa ile habari ya pini. Familia nyingi zinaogopa sahihi kwa sababu mahali pengi kusaini hospitalini maana yake ni kukubali deni, na wanajua watu waliozuiliwa wodini kwa sababu ya faktire, yaani bili. Kambo anaposema "sisaini," mara nyingi hajakataa matibabu, ameogopa deni. Mwambie mapema: "Kambo, karatasi hii inasema tu tumekueleza na umekubali mtoto atibiwe. Haitaji pesa. Mambo ya malipo yana karatasi yake, tutayazungumza baadaye." Na iwe kweli. Ukimwambia hivyo kisha mtu wa kasha (anayepokea malipo) akaleta karatasi yake dakika hiyo hiyo, umemdanganya.

7. Hakuna mtu kabisa: andika, wawili.

Muuguzi anamwita daktari wa gadi. Asipokuwepo, muuguzi mwingine mwenye uzoefu. Mnaandika kwenye fishi kitu kama hiki:

"Tarehe, 23:40. Mvulana, karibu miaka 8, jina halijulikani. Ameletwa na dereva wa pikipiki, ajali ya barabarani. Hajitambui, anavuja damu paja la kulia. Mzazi ametafutwa: hakuna simu mfukoni, dereva hamjui, shefu wa kartie (mtaa) amepigiwa 23:35. Hatari: kufa kwa kupoteza damu. Tumeanza: kubana jeraha, mishipa miwili, serumu. Uamuzi wa daktari wa gadi na muuguzi wa zamu." Kisha sahihi mbili.

Fanya kile kinachookoa maisha au kiungo, na uishie hapo. Ukiwa unashona jeraha ukaona henia, iache hadi mzazi aje. Ofisi ya Mambo ya Jamii ijulishwe asubuhi ya kwanza ya kazi, usingoje siku ya kuruhusiwa.

Mtoto wa barabarani anapewa utaratibu huu huu. Usiandike "shege," neno la dharau kwa watoto hawa, mahali pa jina. Muulize jina lake, na kama hataki, andika "jina halijatolewa."

8. Mzazi akikataa.

Usibishane. Keti, uliza sababu moja tu: "Mama, ni nini kinachokuogopesha zaidi?" Kama ni pesa, rudi hatua ya 6. Akitaka maombi, mchungaji aje aombe kando ya kitanda huku wewe unaweka mshipa. Mambo haya hayagombani. Kama imani yake inakataza damu, daktari aeleze kama kuna njia nyingine inayotosha kweli, na kama hakuna, aseme hakuna.

Mtoto akiwa kundi la dakika, daktari anaamua kuokoa maisha, na mzazi anaambiwa waziwazi: "Papa, nimesikia unakataa, nimeandika. Mtoto atakufa bila damu hii, kwa hiyo tunamwekea." Usifanye kwa siri. Akiwa kundi la saa, mkuu wa kituo awasiliane na parke ya tribunali ya watoto, na kila simu iandikwe. Akiwa kundi la kesho, mpe mzazi muda, dawa ya maumivu, na dalili za kumrudisha haraka.

9. Rudi kwa mzazi.

Akifika baada ya matibabu kuanza, mtu aliyefanya uamuzi ndiye amweleze, ndani ya saa ile ile. Kuanzia hapo ruhusa mpya inachukuliwa kwa kila tendo jipya. Mtoto akihamishwa, tuseme kutoka kituo cha Katuba au Ruashi kwenda hospitali ya Sendwe, nakala ya fomu na namba ya mzazi visafiri pamoja na barua ya kumhamisha, ama sivyo wenzako wataanza upya usiku wa manane.

Mtoto aliyebakwa

Matibabu hayasubiri polisi wala barua ya parke. Dawa ya kuzuia ukimwi inaanza haraka iwezekanavyo, mwisho saa 72. Dawa ya kuzuia mimba inafaa hadi saa 120, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Muulize mtoto kabla ya kila kugusa, na akisema acha, acha. Kipimo cha sehemu za siri hakifanywi kwa nguvu hata kama mama anasisitiza. Ikiwa anayeshukiwa ni baba, baba wa kambo au mjomba, ruhusa haiombwi kwake: mtafute mzazi mwingine au mkuu wa kituo. Usitaje habari hizi kwenye korido. Siri ya kazi inalindwa na sheria ya jinai, na kartie ina masikio.

Mambo yakikwama

*Simu imekatika katikati.* Piga tena mara mbili. Kama alikuwa hajajibu swali la (d) kwenye hatua ya 3, huna ruhusa. Una habari tu. Andika hivyo.

*Baba anakubali, mama anakataa.* Waketishe pamoja na daktari, wasizungumze kupitia kwako mlangoni. Kundi la dakika halisubiri wapatane.

*Mama ana miaka 16, mtoto wake ana miezi mitano.* Yeye ndiye mama wa mtoto: eleza kwake, aseme yeye, asaini yeye, na mama yake mzazi awe shahidi ikiwezekana. Akiwa yeye mwenyewe ndiye mgonjwa, tafuta mzazi wake.

*Daktari amefungua tumbo na amekuta jambo lingine.* Mtu mmoja atoke amweleze mzazi kwenye benchi. Kama halisubiri, linafanywa na linaandikwa. Kama linasubiri, linasubiri.

*Wanataka kuondoka na mtoto usiku.* Jua kwanza wanakwenda wapi. Mara nyingi ni kituo cha bei nafuu. Wape barua, dozi iliyotolewa na saa yake. Mtoto akiwa hatarini, mwite daktari na mkuu wa kituo kabla hawajafika getini.

*Mwenzako anakuambia usaini mahali pa mzazi ili operesheni ianze.* Usisaini. Wewe unasaini kama muuguzi, kwenye nafasi ya muuguzi. Operesheni ikiwa haisubiri, tumia hatua ya 7.

*Fomu imepotea.* Usitengeneze nyingine yenye tarehe ya jana. Andika leo, kwa tarehe ya leo: "fomu ya tarehe fulani haionekani, ruhusa ilichukuliwa na fulani, shahidi fulani," na mwombe mzazi asaini tena kama bado yuko wodini.